Makaburi ya Tujikomboe

Kila Saba Saba mwenyekiti wetu Constantine hupanda jukwaa la magogo, hujikohoza, kisha huwasimulia wageni wa wilayani historia ya kijiji cha Tujikomboe. Husema kijiji hiki kilianzishwa na babu yake, shujaa aliyekuja na mkuki mmoja, akafyeka pori, akafukuza fisi na mbung'o, akazeeka hapa na kuzikwa hapa hapa. Wageni hupiga makofi. Baadaye hupelekwa kuliona kaburi lenyewe, limepangwa mawe na kupakwa chokaa ya shule, nao huvua kofia. Mimi husimama nyuma na wanawake wenzangu nikiuma ulimi, maana namjua aliyelala mle ndani. Ni kuku. Jogoo, kama unataka kujua zaidi, na hata hakuwa mnono.

Mimi ni Mwanne, mama yake Maua, mke wa Saidi fundi cherehani. Tulitoka Tabora tukaja huku upande wa Nkoma miaka ya mwanzo ya Uhuru, tukifuata pamba, kwa sababu mkulima akishauza pamba ndipo anapokumbuka kwamba mkewe hana gauni. Sisi ni watu wa kuja na hatujawahi kusema vingine. Majirani zetu nao ni watu wa kuja, ila wao wanaona aibu kulisema.

Tulipofika, mahali hapa paliitwa Mwazengo, yaani kwa Zengo, na Zengo mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole. Baada ya vita vya Hitla, malisho ya Lalago yalipokwisha, alichukua ng'ombe wake wachache na mkewe Milembe akaja kwa miguu mpaka hapa, wakati hapa pana miiba na nyoka tu. Milembe alijifungua mtoto wa kwanza ndani ya kibanda kisicho na mlango, mumewe amekaa nje na moto kuzuia fisi. Mtoto yule hakuishi, wala waliofuata. Nyoka walipopungua na kisima kilipotoa maji, hapo ndipo mashujaa wengine walipoanza kuwasili.

Constantine alikuja na fimbo na njaa. Zengo alimkatia eneo, akampa na mtamba wa kuanzia boma. Siku hizo Constantine alikuwa akimwita Milembe mayu, mama, kila baada ya neno moja, na akipita karibu na boma la Zengo anavua kofia hata kama hakuna mtu nje.

Zengo alikufa mwaka ule wa mvua kubwa zilizobeba daraja. Wakamzika kama Wasukuma wa huku walivyokuwa wakimzika mwenye boma. Walichinja dume, wakamfunga mzee ndani ya ngozi yake ikiwa bado mbichi, wakamchimbia katikati ya zizi, wakasawazisha udongo hadi usijue palipoguswa. Jioni ng'ombe walirudishwa zizini wakapakanyaga. Hakuna tuta, hakuna jiwe, hakuna msalaba. Mzee anabaki chini ya ng'ombe wake, na mpita njia haoni kitu. Aliyewaswaga wale ng'ombe kuingia zizini jioni ile alikuwa Constantine, kwa fimbo yake mwenyewe, machozi yakimtoka. Nilimwona kwa macho haya. Mimi nilikuja mgeni, nilistaajabu, lakini nilielewa kwamba kwa watu hawa heshima ya mzee ni kufichwa.

Mwaka sabini na nne ikaja Operesheni. Mgambo walipita boma kwa boma, wakatuambia tuhamie kando ya barabara iendayo Bariadi, nyumba zipangwe mistari kama wanafunzi wa gwaride. Jina la Mwazengo likafutwa kwa kuwa ni la mtu binafsi, tukapewa Tujikomboe. Constantine akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu alikuwa na uwezo wa kusema "ndugu wananchi" mara nyingi bila kupumua. Sisi wengine tukahamisha milango na miti ya paa, tukaacha nyuma maboma matupu.

Boma lililoachwa huitwa itongo, na msimjaribu Msukuma kwa itongo. Ni ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka na miaka, nyeusi, laini, ukitupa mbegu ya boga leo, kesho unatafuta pa kukanyaga. Kwa desturi, itongo ni la aliyelihama mpaka afe, na akifa ni la wanawe. Kwa hiyo watu walihama kwa miili. Mioyo ilibaki kwenye samadi.

Mwaka uliofuata bwana shamba Anatoli akatangaza kwamba trekta la wilaya linakuja kulima shamba la kijiji, pamba tupu, na litapita juu ya matongo yote. Ndipo mzee mmoja akauliza, kwa sauti ya unyonge kabisa, itakuwaje kwa wafu. Anatoli alikuwa kijana wa watu, amechoka, na buti moja lilikuwa limeachama mbele. Akajibu kwamba Serikali haigombani na marehemu. Penye kaburi la mzee wa ukoo trekta litazunguka, na familia itaendelea kulima pembeni yake. Atakuja kukagua mwenyewe kabla ya trekta kuanza.

Laiti angejua alichokifungua. Kesho yake asubuhi Constantine alionekana akibeba mawe. Kabla ya jua kutua, katikati ya itongo lake kulikuwa na kaburi refu la kutosha watu wawili, na mwenye kaburi ni babu yake. Babu huyo, kwa habari alizozitoa Constantine mwenyewe kila alipokunywa pombe ya mtama, alifia Lalago wakati wa Mjerumani, akitoroka kodi. Sasa alikuwa amefufuka na kusafiri mpaka Nkoma ili afe vizuri zaidi.

Baada ya hapo ikawa kama ugonjwa. Watu walikumbuka baba, babu, na baba wa babu. Mmoja alimwekea marehemu baba yake msalaba, ingawa mzee yule alikufa akiwafukuza makatekista kwa mbwa. Mwingine alikuwa amehamia kutoka Ngulyati mavuno mawili tu nyuma, naye akagundua kwamba ukoo wake wote umelala hapa. Wiki ile Tujikomboe ilikuwa na wafu wengi kuliko walio hai. Kama wote wangeishi kweli mahali hapa, wangekufa kwa kukosa pa kusimama.

Kisha wakaingiwa na hofu. Wanajua, na hata mimi nilishafundishwa, kwamba kaburi tupu halikai hivi hivi. Linaita. Ukichimba na kurundika bila kuweka mtu, litamtafuta mtu wa nyumba yako. Hawakuogopa uongo, waliogopa kaburi. Kwa hiyo kila mmoja akafukua kwa siri, akaweka kitu chenye damu, akafukia tena. Nami nilikuwa na mgeni kutoka Tabora siku zile, nikazunguka kijiji kizima nikitafuta kuku wa kununua, sikupata hata kifaranga. Mke wa Constantine, Mektilda, mwanamke asiyejua kuficha jambo, aliniambia jogoo wao amekwenda kukaa na babu. Alisema hivyo huku akisonga ugali, bila kucheka.

Nikaenda kwa Milembe. Alikuwa amepewa nyumba mwisho wa mstari wa tatu, hana mtoto, hana ng'ombe tena, ana macho makali tu. Hakutaka itongo kwa mahindi wala kwa maboga, alishachoka kulima. Alichotaka ni kimoja, chuma cha trekta kisipite juu ya mumewe. Nilimwambia basi afanye kama wenzake, arundike mawe, mimi na Saidi tutamsaidia kubeba.

Aliniangalia kama mtu aliyeona mtoto akila udongo. "Mama Maua, Zengo alizikwa akasawazishwa. Nikimrundikia mawe leo nitakuwa namzika mara ya pili, na kwa nini? Ili afanane na hao kuku?"

Nikamwambia bwana shamba hataona kitu pale, ataona udongo tu. Akasema bwana shamba hahitaji kuona, wapo watu waliomzika, watasema. Aliwahesabia kwa majina, wote wazima, wote wazee wa kamati. Constantine alikuwa wa kwanza. Mimi ni mke wa fundi, nimepima viuno vya wanaume wengi wa kijiji hiki, na najua kwamba ndani ya suruali zile hamna kitu cha kushika mkanda.

Siku ya ukaguzi trekta lilikuwa limeshafika, limeegeshwa barabarani, watoto wamelizunguka. Anatoli alitembea na kamati itongo kwa itongo. Kwa kila tuta alisimama, akauliza jina la marehemu, akaagiza mgambo wachomeke kijiti chenye kitambaa chekundu ili dereva alione. Kwa babu yake Constantine alivua kofia, na Constantine akatoa hotuba fupi. Alieleza upole wa mzee, alivyopenda kugawa ardhi kwa wageni, alivyocheka polepole. Alikuwa amemwibia Zengo mpaka kicheko chake akampa jogoo.

Tukafika itongo la mwisho. Milembe alikuwa anangoja, amevaa kaniki safi, ameshika fimbo ya mumewe. Anatoli alitazama huku na huku, akauliza kaburi liko wapi.

"Umesimama kichwani mwake," Milembe akasema.

Kijana wa watu akaruka pembeni. Kisha akainama, akaangalia ule udongo mweusi uliolala sawasawa, akasema kwa adabu kwamba yeye haoni dalili yoyote, lakini hana ubishi. Mzee mmoja tu wa hapa akithibitisha, inatosha, trekta litazunguka. Akamgeukia Constantine. "Mwenyekiti, wewe ni mwenyeji tangu babu. Kuna mtu kazikwa hapa?"

Hapo ndipo walipojinasa wote kwa kamba waliyoisokota wenyewe. Constantine akisema ndiyo, Zengo yumo, amelala chini ya samadi bila jiwe kama wazikwavyo wenye maboma, Anatoli atauliza neno moja tu. Atauliza basi imekuwaje baba zenu wote wana matuta. Kila mzee pale alilijua swali hilo, na kila mmoja alikuwa na kuku wa kulinda. Neno moja la kweli kwa mjane lingewagharimu maboga yao.

Constantine alitazama viatu vyake. "Bwana shamba, mimi sikumbuki kaburi mahali hapa."

Anatoli akawauliza wengine. Mmoja alikuwa ghafla na mwiba mguuni. Mwingine aliangalia mbinguni kana kwamba mvua inakuja, na ulikuwa mwezi wa tisa. Watu waliomchunia Zengo ngozi ya kuzikiwa, waliokula nyama ya lile dume hata mifupa wakainyonya, hakuna aliyemkumbuka. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hutumia nguvu. Hawa walitumia kimya tu.

Milembe hakulia. Alimsogelea Constantine, akamwambia, "Kosta, rudia. Mzee hakusikia vizuri."

"Sikumbuki, mayu," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Basi Milembe akaweka fimbo chini, akaenda kwenye kivuli cha minyaa, akarudi na jembe. Akakunja kaniki, akapiga udongo. Mwanzoni hawakuelewa. Walipoelewa, wanawake walifunika nyuso, maana mjane kumfukua mumewe ni jambo ambalo hata mchawi hulifanya kwa kujificha. Mimi nilivua kanga ya juu, nikachukua jembe la pili. Kwetu pia haifai. Nilisema astaghafirullah, nikachimba.

Tulichimba mpaka jua likawa utosini. Wanaume wale walisimama pale wakati wote, na hakuna hata mmoja aliyetukataza. Wangetukatazaje? Ukimkataza mtu asifukue kaburi umekiri kuwa kaburi lipo. Ilitosha mmoja aseme "acheni, mama zetu, yumo." Nilikuwa nikiinua kichwa baada ya kila pigo nikimtazama Constantine, nikimpa nafasi. Jasho lilikuwa likimtoka kuliko sisi tuliochimba. Anatoli alisema mara mbili kwamba labda tuache, lakini hakujua anachotuomba tukiache.

Shimo lilipofika kifuani kwa Milembe, jembe likagusa kitu kisicho udongo. Alipiga magoti, akapangusa kwa viganja. Ikaonekana ngozi, imekauka ngumu, manyoya mekundu ya lile dume yakiwa bado yameshika sehemu sehemu. Akaifunua kidogo pembeni. Sitasema nilichokiona, kwa sababu hakikuwa changu kukiona, wala hakikuwa chao.

Anatoli alivua kofia. Alitazama ngozi ile, akatazama yale matuta yenye vitambaa vyekundu, akamuuliza Constantine kama wazee wao wengine nao walizikwa hivi.

"Wetu walizikwa kisasa," Constantine akasema.

Babu wa wakati wa Mjerumani, kuzikwa kisasa. Anatoli alikuwa na trekta la kurudisha wilayani, na nadhani alikuwa ameshaona ya kutosha kwa siku moja. Akamwinamia Milembe shimoni, akamwambia kwa upole kwamba imethibitika, wafukie, trekta litazunguka, yeye mwenyewe atasimama hapa kuhakikisha.

Nilitaka kupiga vigelegele. Tulikuwa tumeshinda. Milembe alimtazama kutoka chini kule, uso umejaa vumbi.

"Lizunguke nini, mwanangu? Mzee wa kwetu anakuwa na kaburi akiwa hajaonekana. Huyu ameshaonwa na jua, na ameshaonwa na hawa. Hapa si kaburi tena, ni shimo. Limeni."

Kisha akaniambia, "Mama Maua, nipe nguo."

Nilikimbia nyumbani. Saidi alikuwa na jora la merikani alilowekewa kwa ajili ya mapambo ya sherehe ya kijiji. Nilichana kipande kirefu bila kumwambia, naye aliponiona usoni hakuuliza. Niliporudi Milembe alikuwa bado shimoni peke yake, amewageuzia mgongo. Alimkusanya mumewe polepole, kila kilichokuwa chake, na vipande vya ngozi ile, akafunga fundo juu ya fundo. Hakutaka nimsaidie mpaka wakati wa kupanda. Nilimpa mkono, akatoka na mzigo wake. Ulikuwa mdogo. Mtu mrefu vile, na sasa mzigo wake ulikuwa sawa na kuni za siku moja.

Hapo ndipo Constantine alipopata kumbukumbu. Alipoona kwamba mzigo unaondoka alichanganyikiwa kabisa, maana hata mtu wa aina yake anajua kwamba nchi hushikwa na mzee wa kwanza kuzikwa humo, na akiondoka huyo mvua haina wa kumjia. Alisema watafute ng'ombe, atatoa yeye, dume zuri, wamzike mzee upya leo leo kwa heshima zote. Alisema mambo ya ofisi ndiyo yaliyowabana. Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa, ghafla kila mtu alimfahamu Zengo, na yule wa mwiba alikuwa amepona.

Milembe aliweka ngata kichwani. Nikamtwika. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema Lalago, kwa baba yake Zengo, kule ambako hakuna aliyemkana. Nikamwambia ni mbali, alale kwetu, kesho Saidi atafute gari la pamba. Akasema huyu alimleta hapa kwa miguu.

Nyuma yetu dereva aliwasha trekta. Lilizunguka kuku mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu mkubwa, likiacha visiwa vya udongo mzuri kila mahali, na lilipofika itongo la Zengo likanyoosha, likapita katikati. Milembe hakugeuka. Alishika njia ya ng'ombe ile nyembamba, mimi nyuma yake na kibuyu cha maji, nikimsindikiza mpaka korongoni.

Constantine alitupita mbio, akatuzuia mbele, akasimama katikati ya njia mikono ameitandaza. Hakuwa mwenyekiti tena, alikuwa kijana wa fimbo na njaa.

"Mayu, ukimwondoa huyu, sisi tutasema ni watu wa nani hapa?"

Milembe alisimama, shingo imenyooka chini ya mzigo, akamtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyelala njiani.

"Nipishe, Kosta," akasema. "Nimebeba mtu."

Akapisha.